Mabingwa wa Italia Wakipimwa kwa Barabara ya Malava

Ferrari 250 GTO ya mwaka 1962 iliuzwa mnadani New York mnamo Novemba 2023 kwa dola milioni 51.7. Kwa bei ya dola ya siku hizo, hizo zilizidi shilingi bilioni 7 za Kenya, na hakuna Ferrari iliyokuwa imefikisha bei hiyo mnadani kabla yake. Zilitengenezwa 36 tu, kati ya 1962 na 1964. Naitaja kwanza ili ipishe njia, maana rekodi ya bei humfaa dalali peke yake. Mtu wa Malava anayetamani gari lake la kwanza la kale kutoka Italia ana rekodi nyingine za kupekua: lililodumu kiwandani miaka mingi zaidi, lililotengenezwa kwa wingi zaidi, linaloliwa na kutu upesi zaidi, lenye injini iliyoishi kuliko zote. Hizo ndizo zitakazoamua kama gari litatembea au litalala chini ya mwembe.

Na Malava ina mizani yake. Mji umekaa kando ya barabara kuu ya A1, kati ya Kakamega na Webuye, katika nchi ya Wakabras, na barabara hiyo haipumziki: Probox zilizojaa abiria, bodaboda, malori, na matrekta yanayokokota trela za miwa kwenda viwanda vya West Kenya na Butali. Ukiiacha lami unaingia murram, na mvua ikishuka murram huwa utelezi mtupu. Mvua yenyewe si haba. Eneo la Kakamega hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na ndiyo siri ya msitu wa Malava, kipande kilichosalia cha msitu mkubwa wa Kakamega, kubaki kijani mwaka mzima. Tena mji uko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi huku, na injini ya kabureta hupoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu zake hata kabla hujatia gia. Bingwa yeyote wa Italia na aje apimwe hapa.

Mlango mwembamba kuliko yote

Kabla ya uzuri wa gari kuna sheria. Kenya imefunga mlango kwa magari ya kawaida ya mitumba yaliyopita umri wa miaka minane, na usukani sharti uwe upande wa kulia. Jirani zetu wa Uganda nao waliweka kikomo cha miaka 15 kwa sheria ya 2018. Kwa hiyo anayewaza kuagiza gari la mwaka 1972 kutoka Milan au London aulize shirika la viwango, KEBS, na mamlaka ya ushuru, KRA, kwanza, apate jibu kwa maandishi, ndipo atume pesa. Mimi humshauri mnunuzi wa mara ya kwanza atafute lililomo humu nchini tayari. Yapo, hasa Nairobi, katika Bonde la Ufa na pwani ya Malindi, ambako Waitaliano wamekuwepo kwa wingi tangu kituo cha anga cha San Marco kilipoanzishwa miaka ya 1960. Ila la pwani lichunguze mara mbili, kwa sababu chumvi ya bahari haina huruma kwa bati.

Nambari ya usajili ni shahidi mzuri. Mtindo wa KAA 001A, wenye herufi mwishoni, ulianza mwishoni mwa miaka ya 1980. Gari lenye herufi tatu na tarakimu peke yake, bila herufi ya mwisho, lilikuwa linatembea Kenya kabla ya hapo. Hilo huashiria kwamba limeshaonja vumbi letu, na kwamba kuna fundi mahali fulani aliyewahi kuifungua injini yake. Fanya utafutaji wa kumbukumbu kwa mamlaka ya usafiri, NTSA, kisha ulinganishe nambari ya chasisi na ya injini na zile zilizo kwenye logbook, kwa macho yako, taa mkononi. Jambo linalokwamisha watu zaidi katika magari ya kale ni mwenye gari kufariki na logbook kubaki kwa jina lake. Hapo hununui gari, unanunua kesi ya mirathi. Familia ikamilishe mambo mahakamani kwanza.

Sharti la usukani wa kulia linaangusha majina makubwa kwa mkupuo mmoja. Fiat 124 Sport Spider, gari la wazi lililochorwa na Tom Tjaarda katika studio ya Pininfarina na kutengenezwa kuanzia 1966 hadi 1985, halikutoka kiwandani hata moja likiwa na usukani wa kulia. Lancia Delta Integrale vilevile. Alfa Romeo Spider ilitolewa ya usukani wa kulia hadi miaka ya 1970, kisha kiwanda kikaacha. Ukikuta mojawapo ya hizo usukani uko kulia, uliza nani aliuhamisha na kwa vifaa gani, kwa sababu usukani uliohamishwa vibaya unaweza kumuua mtu.

Gari la kifahari lililozaliwa na trekta

Hapa Malava ndipo historia ya Lamborghini inapoeleweka vizuri kuliko katika majiji. Ferruccio Lamborghini alikuwa mtoto wa wakulima wa kaskazini mwa Italia. Baada ya vita vya pili vya dunia alikusanya mitambo iliyoachwa na majeshi, akaunda matrekta, na mwaka 1948 akaanzisha kampuni yake ya matrekta. Utajiri wake ulitoka shambani. Mwaka 1963 ndipo alipoanzisha kiwanda cha magari Sant'Agata Bolognese, na miaka mitatu baadaye, kwenye maonyesho ya Geneva ya 1966, akaleta Miura: injini ya silinda 12 iliyolazwa kukingama nyuma ya dereva, ndani ya bodi iliyochorwa na Marcello Gandini, kijana wa miaka ishirini na ushee. Hakukuwa na gari la kuuzwa madukani lililoishinda kwa kasi wakati ule. Ilikaribia kilomita 280 kwa saa.

Huku kwetu kikomo cha juu kabisa kwa gari dogo ni kilomita 110 kwa saa, na ukiwa nyuma ya trela ya miwa hata 40 ni neema. Miura ilitengenezwa chini ya 800. Si gari la kwanza la mtu yeyote, na anayekwambia anayo ya bei nafuu anakutapeli.

Lakini hoja ya trekta inabaki, na Fiat inaitia nguvu zaidi. Fiat ilianzishwa Turin mwaka 1899, ikaanza kuuza trekta lake la kwanza mara baada ya vita vya kwanza vya dunia, na mwaka 1991 ikainunua Ford New Holland. Lile jani kwenye nembo ya New Holland lilitoka kwa matrekta ya Fiat. Fundi wa Malava anayekarabati New Holland ya kukokota miwa amekuwa akishika mkono wa Turin miaka hii yote. Tusimdharau. Mtu anayeweza kupima uwazi wa vali za trekta kwa usahihi anaweza kufundishwa Alfa Romeo, mradi umpe kitabu chenye vipimo na usimharakishe.

Bingwa wa dunia aliyekosa Safari

Gari la Kiitaliano ninalolipenda kuliko yote ni Lancia Stratos, na ni lazima niliseme hilo wazi kabla ya kulikataa. Gandini tena ndiye aliyelichora, akiwa Bertone. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni mita 2.18 tu, injini ni ile ya Ferrari Dino ya silinda sita, na yalitengenezwa chini ya 500 kwa sababu moja: kushinda mbio za magari. Yakashinda. Lancia ilitwaa taji la dunia la watengenezaji mwaka 1974, 1975 na 1976.

Safari Rally ikayakatalia. Sandro Munari, dereva aliyelijua gari hilo kuliko mtu yeyote, alikuwa wa tatu hapa Kenya mwaka 1974 akiendesha Lancia Fulvia, siku Joginder Singh alipotwaa ushindi kwa Mitsubishi. Mwaka 1975 akaja na Stratos, akawa wa pili nyuma ya Ove Andersson wa Peugeot 504, na Björn Waldegård akawa wa tatu kwa Stratos nyingine. Mwaka 1976 Stratos hazikufika mwisho. Mwaka 1977 Munari akarudi, akawa wa tatu. Baada ya hapo Fiat 131 Abarth ikajaribu, na Markku Alén akashika nafasi ya tatu mwaka 1979, mwaka ambao Shekhar Mehta alishinda kwa Datsun. Alén huyohuyo alikuwa wa tatu tena mwaka 1986 kwa Lancia 037. Hesabu hiyo inauma. Magari yaliyotawala Monte Carlo yalikuja Kenya mara kwa mara, yakapigwa na Peugeot na Datsun, magari ambayo walimu wetu wa shule walikuwa wakiyaendesha kwenda kazini.

Mwiba ulitoka mwaka 1988. Miki Biasion alishinda Safari kwa Lancia Delta Integrale, ushindi wa kwanza wa gari la Kiitaliano tangu mbio zianze mwaka 1953, akarudia mwaka 1989, kisha Juha Kankkunen akaongeza wa tatu mwaka 1991. Delta ilikuwa na magurudumu manne ya kuvuta na turbo, na Lancia ilikuwa imekaa miaka mingi ikijifunza mawe ya Kenya. Mataji sita ya dunia mfululizo, kuanzia 1987 hadi 1992, yakaifanya jumla ya Lancia kuwa 10.

Kwa mnunuzi wa mara ya kwanza, somo la miaka hiyo yote ni la vipimo. Gari la chini sana, lililoumbwa kwa lami, linaweza kuwa bingwa wa dunia na likavunjikia hapa. Angalia nafasi kati ya tumbo la gari na ardhi kabla ya kuangalia rangi. Matuta ya Malava hayajui jina la mchoraji.

Fupi kuliko yote, nyingi kuliko zote

Kwa ufupi tu: gari la Kiitaliano la chini kuliko mengine niliyoyasoma ni Stratos Zero ya mwaka 1970, gari la maonyesho lenye kimo cha sentimita 84, ambalo dereva aliingia kwa kufungua kioo cha mbele. Tuliache kwenye makumbusho.

Wingi ni rekodi yenye maana zaidi, kwa sababu gari lililotengenezwa kwa maelfu mengi lina vipuri. Hapa Fiat haina mshindani. Fiat 124 Sport Coupé, ndugu wa ile Spider lakini mwenye paa, ilitengenezwa karibu 280,000 kati ya 1967 na 1975, na ilitolewa pia yenye usukani wa kulia. Ina viti vinne, breki za diski pande zote, na buti ya kubebea gunia la mahindi. Injini yake ilibuniwa na Aurelio Lampredi, mtu aliyebuni injini za Ferrari kabla ya kuhamia Fiat, na injini hiyo ina rekodi ambayo watu wengi hawaijui: vizazi vyake vilibeba mataji 10 ya dunia ya mbio za magari, matatu ya Fiat 131, moja la Lancia 037 na sita ya Delta. Unapoifungua boneti ya 124 Coupé iliyochakaa, unamtazama babu wa gari lililoishinda Safari.

Kasoro yake ni mkanda. Injini ya Lampredi hutumia mkanda wa mpira kuzungusha mihimili ya vali, na mkanda ukikatika katika injini nyingi za ukoo huo vali hugongana na pistoni. Gari lililolala miaka kumi ghalani mkanda wake umekauka hata kama kilomita ni chache. Usiliwashe. Badilisha mkanda na kikaza chake kwanza, ndipo uguse ufunguo.

Fiat X1/9 nayo ni ya kutajwa. Ilizinduliwa mwaka 1972, ikachorwa na Gandini, na ikaendelea kutengenezwa hadi 1989. Injini iko katikati, nyuma ya viti viwili, na ilikuwa njia ya bei nafuu kuliko zote ya mtu wa kawaida kupata mpangilio wa Ferrari. Zilitoka karibu 160,000. Ni tamu kuendesha, lakini ni ndogo mno, radieta iko mbele na mabomba yake yanapita chini ya sakafu hadi nyuma, kwa hiyo murram inayafikia. Kwa Nairobi ningeikubali. Kwa Malava ningesita.

Mlaji wa kutu namba moja, na dawa iliyo mlangoni

Lancia Beta, iliyozinduliwa mwaka 1972, ndiyo inayoshikilia rekodi ya aibu. Nchini Uingereza kutu iliitafuna hadi ikafika sehemu zinazoshikilia injini, na mwaka 1980 magazeti yakalipua habari hizo. Kampuni ikalazimika kuyanunua tena baadhi ya magari kutoka kwa wateja wake. Jina la Lancia halikupona huko, na mwaka 1994 ikajiondoa kabisa katika soko la usukani wa kulia. Alfasud, iliyotengenezwa karibu na Napoli tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilifuata nyuma yake kwa karibu, na inasikitisha kwa sababu lilikuwa gari dogo lenye kushika barabara kuliko rika lake lote.

Ukweli ni kwamba hakuna gari la Kiitaliano la miaka hiyo lililo salama kwa kutu, na Malava ni mahali penye unyevu. Beba sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, uipitishe chini ya milango, kwenye pembe za madirisha, kwenye shimo la tairi la akiba na mahali ambapo springi za nyuma zinashikana na bodi. Pale sumaku isiposhika kuna puti chini ya rangi, na chini ya puti kuna tundu. Katika Alfa Romeo za miaka ya 1960 na 1970 mbavu za chini ya milango zina tabaka tatu za bati. Fundi mvivu huchomelea la nje peke yake, lipendeze, na mbili za ndani zinaendelea kuoza.

Sasa habari njema, na ni ya wenyeji hasa. Wakarabati wa magari ya kale duniani kote hutumia molasi kuondolea kutu. Changanya sehemu moja ya molasi na takriban sehemu tisa za maji kwenye pipa la plastiki, tumbukiza kipuri cha chuma, kiache wiki moja hadi mbili huku ukikitazama. Kutu hulegea na kuachia, chuma kizima hakiguswi. Watu wa Ulaya huinunua molasi kwa chupa na galoni kutoka maduka ya chakula cha mifugo. Sisi tunaishi jirani na viwanda vya sukari. Yapo masharti matatu. Usitumbukize aluminiamu, itaharibika, kwa hiyo sehemu za injini ya Alfa zisikaribie pipa hilo. Ukikitoa kipuri kioshe, kikaushe na kukipaka rangi ya msingi siku hiyohiyo, kwa sababu kutu hurudi kwa saa chache. Na pipa uliweke mbali na nyumba, maana linachacha na kunuka.

Mahali pa kulaza gari nako ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Banda la mabati lililozibwa pande zote hutoa jasho usiku. Acha nafasi ya upepo juu ya kuta, mwaga zege au hata kokoto chini, na usilifunike gari kwa turubai la plastiki, kwani linafungia unyevu ndani.

Injini iliyoishi kuliko zote

Mwaka 1954 Alfa Romeo ilizindua Giulietta Sprint yenye injini ya silinda nne, aluminiamu tupu, mihimili miwili ya vali juu, ikizungushwa kwa cheni. Ukoo wa injini hiyo uliendelea kutengenezwa hadi katikati ya miaka ya 1990, kwa ukubwa wa kuanzia cc 1,300 hadi cc 2,000. Miaka arobaini. Iliendesha Giulia za polisi wa Italia, Spider ya wazi iliyoonekana katika filamu ya The Graduate mwaka 1967, na ile coupé nzuri iliyochorwa Bertone na Giorgetto Giugiaro akiwa na umri wa miaka ishirini na tano hivi, iliyozinduliwa mwaka 1963 kama Giulia Sprint GT.

Cheni ndiyo sababu yangu ya kwanza ya kuipenda kwa huku kwetu. Haikatiki ghafla kama mkanda. Inapolegea inapiga kelele, na kelele ni taarifa. Sababu ya pili ni petroli. Kenya na nchi nyingine za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa 2006. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, mwaka 2021. Injini nyingi za kale za kichwa cha chuma cha kusubu huumia vali kwa petroli ya sasa. Kichwa cha Alfa ni aluminiamu, kwa hiyo kilitoka kiwandani kikiwa na pete ngumu za kukalia vali, na petroli yetu haikisumbui.

Si kwamba haina magonjwa. Gaskiti ya kichwa ni dhaifu. Fungua kifuniko cha oili. Ukiona ute mweupe mzito, maji yanaingia. Sinkromeshi ya gia ya pili huisha mapema kuliko nyingine zote. Kwenye majaribio, injini ikishapata moto, shuka kutoka gia ya tatu hadi ya pili bila kuchelewa na usikilize kama inasaga. Na sampu ya oili, ambayo ni aluminiamu yenye mapezi, inaning'inia chini sana. Hii ndiyo hatari kubwa kuliko zote kwa Malava. Tuta moja lisiloonekana usiku linaweza kuipasua na kumwaga oili yote kabla hujafika Shamberere. Weka ngao ya chuma chini ya injini siku ileile unayolinunua. Mafundi wa mbio za magari wa Nairobi wamekuwa wakitengeneza ngao hizo tangu enzi za Safari ya zamani, na kazi hiyo fundi mzuri wa kuchomelea wa Kakamega anaiweza pia.

Kabureta ni Weber au Dell'Orto, mbili, na kila moja ina midomo miwili. Kwa mwinuko wetu zinahitaji jeti ndogo kidogo kuliko zilizowekwa kwa tambarare za Italia, vinginevyo mchanganyiko unakuwa mzito, plagi zinajaa masizi, na petroli inaisha bure. Weber zinajulikana nchini, kwa kuwa Ford Escort za mbio zilizitumia kwa miaka mingi.

Kundi kongwe

Gari la kale bila watu ni mzigo. Hapo Alfa Romeo ina faida ambayo Fiat na Lancia hazina Afrika Mashariki. Mashindano ya Concours d'Elegance ya Nairobi, ambayo hufanyika Ngong Racecourse kwa kawaida mwezi Septemba, yameandaliwa tangu 1970 na klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo. Waamuzi hupita na kutoa alama kwa injini, viti, rangi na hata tumbo la gari. Nenda mara moja kabla hujanunua. Vaa viatu vya kutembelea, uliza maswali, inama utazame chini ya magari yaliyoshinda. Wenye magari hayo hupenda kueleza, na wengi wanajua gari fulani lililolala Nakuru au Eldoret ambalo mwenyewe angekubali kuliachia.

Kutoka Malava hadi Nairobi ni karibu kilomita 400 kupitia Eldoret na Nakuru, na barabara inapanda hadi zaidi ya mita 2,700 karibu na Timboroa. Gari la kale likimaliza safari hiyo bila kuchemka, limefaulu mtihani ambao hakuna muuzaji anayeweza kuuandika kwenye tangazo.

Hukumu yangu

Nunua Alfa Romeo GT ile ya Giugiaro, na kwa mara ya kwanza chagua GT 1300 Junior kuliko 2000 GTV. Zote ni za familia moja iliyotengenezwa zaidi ya 200,000 kati ya 1963 na katikati ya miaka ya 1970, zilitolewa na usukani wa kulia, na vipuri vyake bado vinatengenezwa na wataalamu wa Uingereza, Ujerumani na Italia. Junior ina nguvu kidogo zaidi ya farasi 85, na hiyo inatosha kwa A1. Giaboksi yake ya gia tano inakaa mbele nyuma ya injini, mahali ambapo fundi wetu amezoea kuitafuta. Alfetta GT iliyofuata mwaka 1974 ni ya bei rahisi zaidi na inashika kona vizuri kuliko Junior, lakini giaboksi iko nyuma, breki za nyuma zimefichwa ndani, na shafti inazunguka kwa kasi ya injini kupitia viungo vya mpira vinavyochakaa. Iwe gari lako la pili.

Ukikosa Junior yenye logbook safi, tafuta Fiat 124 Sport Coupé. Ukikosa zote mbili, subiri. Usinunue Beta kwa sababu ya huruma, wala Ferrari kwa sababu ya jina.

Theluthi moja ya fedha zako ibaki benki siku ya kununua, kwa ajili ya mpira, breki, matairi na ngao ya sampu. Kampuni nyingi za bima husita kutoa bima kamili kwa gari la umri huo, kwa hiyo ulizia mapema na uweke picha na risiti za kila kazi. Mchukue fundi wako uende naye kulitazama, umlipe siku yake, na yeye ndiye awe wa kwanza kulala chini ya gari. Akitoka huko akasema hapana, rudini Malava.